Kuvuka mabara kwa baiskeli mara ya kwanza: Ulaya mpaka Asia, Alaska mpaka Ushuaia, au Tarifa mpaka Dakar?

Watu wengi wakishapata hili wazo la kuvuka mabara kwa baiskeli swali la kwanza ni ninunue baiskeli gani, na mtu anaweza akakaa miezi anabishana mambo ya fremu na tairi wakati hata hajajua anaelekea wapi. Mi naona hapo tunaanzia mwisho. Njia ndo inaamua baiskeli, na kalenda ndo inaamua njia, maana kila njia ndefu ina kipande kimoja kinachopitika vizuri miezi michache tu ya mwaka, ukikosea unafika pale unakuta theluji au jua la kuua, unasubiri au unapanda basi. Kwa hiyo tafuta hicho kipande kwanza, kiwekee tarehe, halafu hesabu kurudi nyuma mpaka upate siku ya kuondoka.

Nalinganisha njia tatu ambazo mtu wa mara ya kwanza anaweza kuzifikiria kiukweli. Moja ni Ulaya kwenda Asia ya Kati, unashuka na mto Danube, unapita Uturuki na Georgia, unamalizia milima ya Pamir kule Tajikistan. Ya pili ni Amerika yote kutoka Alaska mpaka Ushuaia kule mkiani Argentina. Ya tatu ni Ulaya kwenda Afrika, unatoka Tarifa kusini mwa Hispania, unavuka mlango wa bahari wa Gibraltar, halafu Moroko, Sahara, Mauritania mpaka Dakar. Ile ya Cairo mpaka Cape Town, kilomita kama 12,000, nimeiacha kwa makusudi, tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023 pale katikati pamekatika na sio mahali pa kwenda kujifunzia.

Ulaya mpaka Pamir

Hii ndo ningempa mtu wa mara ya kwanza, na sababu kubwa wala sio uzuri wake ila ni jinsi inavyoanza taratibu. Mwezi wa kwanza upo kando ya Danube, njia ya baiskeli yenye alama (ile EuroVelo 6, inatoka Atlantiki Ufaransa mpaka Bahari Nyeusi Romania, zaidi ya kilomita 4,000), tambarare kwa sehemu kubwa, mji kila baada ya kilomita chache, mafundi wapo, treni zipo. Yani ukigundua goti linauma au siti haikufai au mzigo umezidi unarekebisha hapo hapo, vitu usivyohitaji unavirudisha nyumbani kwa posta, na hata ukiamua hii kitu siiwezi unapanda treni jioni hiyo hiyo. Njia zingine hazikupi hiyo nafasi.

Sasa hesabu. Tuseme unaanzia Vienna na unataka kumalizia Osh kule Kyrgyzstan, ni kama kilomita 7,000 ukitoa kile kipande cha bahari ya Caspian ambacho nitakisema. Mtu wa kawaida mwenye mzigo anapiga kilomita 80 mpaka 90 kwa siku, siku tano kwa wiki, siku mbili zinaliwa na kupumzika, kufua, viza na kurekebisha baiskeli, kwa hiyo weka kilomita 420 kwa wiki basi. Hapo ni wiki 17 hivi, na Pamir barabara ni mbovu kwa hiyo ongeza kidogo. Msimu wa Pamir ni Juni mwishoni mpaka Septemba. Ukisema poa, nitaondoka mwanzoni mwa Juni, Pamir utafika Septemba na baridi inaanza kushuka, halafu kibaya zaidi jangwa la Ustyurt kati ya Kazakhstan na Uzbekistan utalikuta Agosti, joto linapita nyuzi 40 na kivuli hakuna. Ndo maana wanaojua wanaondoka katikati ya Machi, wanavumilia baridi ya Danube wiki mbili tatu, jangwa wanalipita mapema Juni na Pamir wanaingia Julai. Ona jinsi tarehe moja inavyobadilisha kila kitu, na hapo bado hatujagusa baiskeli.

Viza ndo inayochanganya watu. Kama pasi yako inahitaji viza ya Schengen (viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya), maombi yanapokelewa mapema zaidi miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, halafu hata ukipata ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Zamani waendesha baiskeli walikuwa wanaitegemea Kroatia, Bulgaria na Romania kupumzishia hizo siku, sasa haiwezekani, Kroatia iliingia Schengen 2023 na hizo mbili zikakamilisha mipaka ya nchi kavu Januari 2025. Iliyobaki nje kwenye njia hiyo ni Serbia, siku utakazokaa Serbia hazihesabiwi. Kwa hiyo kama kalenda inabana pitia Serbia na ukae huko wiki nzima kama unataka, ila angalia viza yako iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana kutoka Serbia kwenda Bulgaria unaingia Schengen upya.

Istanbul kuna kitu watu hawaambiwi, yale madaraja makubwa ya Bosphorus baiskeli hairuhusiwi. Unaingia mjini kwa shida (magari ni mengi mno, wengine wanachukua treni kilomita za mwisho na hakuna wa kukuhukumu), unaenda Eminönü pale kwenye vivuko, unasukuma baiskeli kupita kwenye geti pamoja na watu wanaotoka kazini, unaiegemeza chini kwenye ukuta wa kivuko na unaishikilia kwa sababu ina mabegi na boti ikigeuka inataka kulala. Dakika kama 20, unashukia Kadıköy, umeshavuka bara. Mtu wa pembeni yako anaangalia simu tu, kwake ni siku kama zingine.

Baada ya hapo Uturuki inakupima kidogo. Ukifuata pwani ya Bahari Nyeusi usidanganyike na neno pwani, kile kipande cha Amasra mpaka Sinop ni kupanda na kushuka siku nzima, mashariki ya Samsun ndo inakuwa tambarare. Ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Istanbul mpaka Batumi na ukimaliza hapo miguu imeshakuwa miguu.

Shida ya njia hii ipo Caspian. Mipaka ya nchi kavu ya Azerbaijan ilifungwa kwa abiria mwaka 2020 na miaka iliyofuata ikaendelea kufungwa, kwa hiyo ule utaratibu wa zamani wa kuendesha toka Tbilisi mpaka Baku na kusubiri meli ya mizigo ya kwenda Aktau, Kazakhstan, ambayo haina ratiba, umevurugika. Wengi wanaruka na ndege kutoka Tbilisi mpaka Aktau. Kama wewe ni wa wale wanaotaka mstari usiokatika kabisaa, hii njia itakuudhi, na nakuambia mapema.

Kuhusu Pamir yenyewe, ingia kutokea Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan, usitokee Osh. Sababu ni urefu. Osh ipo mita 1,000 hivi, kilomita kama 185 mbele uko Sary-Tash zaidi ya mita 3,100, na muda si mrefu unapanda Kyzyl-Art mita 4,280, mwili haujapata nafasi ya kuzoea. Ukitokea Dushanbe unapita Khorog, mita 2,100 hivi, unakaa pale siku mbili, unapanda polepole. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kwa baiskeli hiyo inawezekana ukipanga vituo vyako vizuri. Kilele cha barabara ni Ak-Baital, mita 4,655, oksijeni unayopata pale ni chini ya asilimia 60 ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo kusukuma baiskeli ni kawaida, unahesabu hatua 30 unasimama unahema unaendelea. Kibali cha mkoa wa Gorno-Badakhshan, ambao ndo una hiyo Pamir, unakiomba mapema. Na mpaka wa Tajikistan na Kyrgyzstan uliwahi kufungwa baada ya mapigano ya 2021, nchi zote mbili zikasaini makubaliano ya mpaka Machi 2025, ila kabla hujapanda huko juu hakikisha kwamba unaruhusiwa kupita mwezi huo, maana kurudi nyuma kutoka kule ni wiki nzima.

Alaska mpaka Ushuaia

Hii ndo watu wanaiota, na ina faida moja ambayo naona haisemwi vya kutosha, lugha. Ukijifunza Kihispania cha kuombea maji, kuuliza njia na kupiga stori kidogo, kinakubeba kutoka Mexico mpaka mwisho wa Argentina, yani mwaka mzima unazidi kukijua. Huko Asia kila baada ya wiki chache unaanza upya na salamu. Kwa mtu anayesafiri peke yake hiyo ni tofauti kubwa sana, upweke ndo unawarudisha watu nyumbani kuliko pancha.

Lakini angalia inavyoanza. Unaanzia Deadhorse kwenye Dalton Highway, kilomita 666, na kati ya Deadhorse na Coldfoot ni karibu kilomita 385 bila duka lolote, changarawe, malori makubwa, na mvua ikinyesha ule udongo unashika kama saruji kwenye cheni na breki. Unabeba chakula cha siku tano sita kuanzia siku ya kwanza, unapikia mbali na hema, karibu mita 100, na chakula kinalala huko huko kwa sababu ya dubu. Yani mtihani mgumu unaupata kabla hujajua hata mabegi yako yanafunguka vipi. Wengine wanatatua hili kwa kuanzia chini, Vancouver kwa mfano, na mi nawaunga mkono, hakuna sheria inayosema lazima uguse Aktiki, na hata hivyo pale Deadhorse zile kilomita za mwisho mpaka baharini ni eneo la mafuta, huruhusiwi kuendesha.

Kalenda yake nayo ni nzito. Patagonia unataka kuwa huko Desemba mpaka Februari, Alaska unaanza Juni, kwa hiyo kwa mwendo wa kawaida huwezi kumaliza kwenye kiangazi kimoja, ni miezi 18 mpaka 20. Inakaa hivi: Juni Alaska, Oktoba au Novemba unaingia Mexico, Amerika ya Kati unaipita wakati wa kiangazi chao Januari na Februari, nyanda za juu za Peru na Bolivia unazikuta kwenye ukavu kati ya Mei na Oktoba, halafu Patagonia. Mwenye mwaka mmoja tu wa ruhusa asijidanganye, achukue nusu. Na mstari hapa nao unakatika, Darién kati ya Panama na Colombia, kama kilomita 100 hazina barabara, unapanda boti au ndege na ndo hivyo.

Wengi wanashuka kuelekea kusini, hawapandi kuelekea kaskazini, na upepo ni sehemu ya sababu. Patagonia upepo mkubwa unatoka magharibi, ukishuka kusini unakupiga ubavuni na saa zingine mgongoni, ukipanda kaskazini kuna siku utakanyaga pedali kwenye mteremko na bado huendi.

Tarifa mpaka Dakar

Hii ni fupi, kama kilomita 3,000 kutoka Tangier, miezi miwili inatosha, na kwa mtu ambaye hawezi kuacha kazi mwaka mzima naona ndo njia ya maana kuliko zote tatu. Kutoka Tarifa kivuko ni saa moja tu, pale pembamba mlango wa bahari una kilomita 14, ng'ambo unaiona. Msimu ni Novemba mpaka Januari, yani ni safari ya wakati ambao Pamir na Alaska zimelala chini ya theluji.

Moroko ni nyepesi, shida na raha vyote vipo Sahara Magharibi. Barabara ni lami, upepo wa kaskazini unakusukuma, kuna siku unapiga kilomita 150 bila kujisifu. Ila vituo vya mafuta vinaweza kuachana zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo unabeba maji lita 8 mpaka 10, na kila lita ni kilo. Na usitoke nje ya barabara kwenda kutafuta pa kuweka hema mbali, hasa karibu na mpaka wa Guerguerat, mabomu ya ardhini yapo kule tangu vita, lala kwenye kituo cha mafuta au ulizia polisi. Huu upepo pia ndo unaofanya njia hii iwe ya upande mmoja, ukiwa na wazo la kwenda na kurudi kwa baiskeli liache.

Kadi ya homa ya manjano uwe nayo, tangu 2016 ikishapigwa ni ya maisha yote, na dawa za kuzuia malaria anza kuzungumza na daktari kabla. Kifaransa kinasaidia kuanzia Moroko mpaka mwisho. Wanaotaka kuendelea mpaka Cape Town kwa upande huu wa magharibi inawezekana, na Angola iliondoa viza ya utalii kwa raia wa nchi 98 mwaka 2023 ambayo imepunguza maumivu, lakini viza za katikati na mvua za Afrika ya Kati sio za safari ya kwanza.

Sasa baiskeli

Nitaenda haraka maana njia imeshaamua. Kwa Tarifa–Dakar na kwa Danube mpaka Georgia baiskeli yoyote nzima yenye tairi pana kidogo na gia za kupandia inatosha. Pamir na Bolivia ndo zinataka tairi nene, inchi 2 kwenda juu. Ule ubishi wa gurudumu la inchi 26 na 29 umepungua nguvu, zamani 26 ilishinda kwa sababu tairi na tyubu zake zilikuwa kila kona, siku hizi 29 imeenea sana na inapita kwenye mashimo vizuri zaidi, ila vijijini Asia ya Kati na Afrika bado 26 ndo rahisi kupata. Kama unayo ya 26 nzuri usiibadilishe, kama unanunua mpya chukua 29 na ubebe tairi moja ya akiba inayokunjwa. Breki za diski za waya ni bora kuliko za mafuta kwa safari hizi, waya unabadilisha mwenyewe kando ya barabara, mafuta yakivuja ndo umekwama. Spoku 36 gurudumu la nyuma, ukiona baiskeli ya safari ina 28 iache dukani.

Na keria. Kwenye M41, ile barabara kuu ya Pamir, kuna sehemu zina yale mawimbi madogo madogo ya changarawe, kilomita baada ya kilomita, baiskeli inatetemeka mpaka meno, na kinacholegea kwanza ni zile bolti ndogo za keria. Ukilegea mmoja bila kujua, mzigo wote unahamia kwenye uliobaki, unakatika ndani ya fremu na kuutoa hapo ni kazi ya fundi mwenye mashine. Kila jioni kabla ya kupika pita na spana ya L bolti zote nne, na beba sita za akiba, hazina uzito wowote. Anayekwenda na yale mabegi ya kufunga moja kwa moja kwenye fremu hana keria, kwa hiyo hana tatizo hili, ila ana nafasi ndogo, na maji lita 10 za Sahara hayana pa kukaa. Kwa hiyo mabegi ya fremu kwa Pamir, keria na mabegi ya pembeni kwa Sahara. Kwa Amerika ni wewe na moyo wako.

Ukiona bado unahangaika na vifaa kumbuka kwamba Thomas Stevens alitoka San Francisco 1884 na ile baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele, akiwa na soksi, shati la akiba na koti la mvua alilogeuza hema, akafika Yokohama mwishoni mwa 1886. Sisemi umuige.

Kwa hiyo nani aende wapi

Una miezi mitano na hujawahi kulala kwenye hema zaidi ya wikiendi, nenda Vienna–Osh na uondoke Machi. Una miezi miwili ya Desemba, Tarifa–Dakar. Una mwaka na nusu, pasi inayokupa viza ya Marekani na Kanada bila kulia, na unapenda kuongea na watu, shuka Amerika lakini anzia Vancouver. Una mwenzako wa kwenda naye, mpeni nafasi kila mmoja kubeba jiko na hema lake hata kama ni uzito zaidi, hapo mkigombana Georgia mmoja anaweza kuendelea na mwingine akapumzika na hakuna anayemshikilia mwenzie kwa sababu ya sufuria.

Na kama hata hiyo Vienna–Osh bado inakutisha, usiifute, jaribu kwanza kipande cha Danube tu. Passau, Ujerumani, mpaka Budapest ni kama wiki moja na nusu kwa mwendo wa kivivu, Mei au Septemba, na mzigo wote ule ule ambao ungeupeleka Pamir, jiko, hema, maji, kila kitu. Ukifika Budapest mwaga mabegi yote chini, kila kitu ambacho hukukigusa tangu Passau, ukitoa vifaa vya kutengenezea na dawa, kinabaki nyumbani safari ijayo.